Picha ya Moyo wa Baba Mkwe

Chicago,
14 Januari 1996

Baba,

Kabla sijauliza habari za shamba wala za mvua, niseme lile nililokuficha tangu Septemba. Nilikudanganya.

Unakumbuka ile Jumamosi nilipokupeleka kazini kwangu, ukavua shati, ukalala juu ya meza nyembamba, nami nikakwambia uzuie pumzi kidogo. Hospitali ilikuwa inatafuta watu wazima wasio na ugonjwa wajitolee kupigwa picha ya moyo, nami nilikuwa nimejisifu kwamba baba mkwe wangu ametoka Nyeri kututembelea na ana nguvu kuliko vijana. Siku ya kurudi kwako, pale uwanja wa ndege, uliniuliza majibu yametoka vipi. Nikasema, "Picha ni safi, Baba." Murugi alikuwa amekushika mkono. Sikuweza kusema vingine mbele ya binti yako.

Picha haikuwa safi. Mashine yetu ni ya haraka sana, hupiga kati ya pigo moja la moyo na jingine, ikaonyesha mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe. Mafuta yakiganda ndani ya mishipa hiyo miaka mingi, hugeuka kama chokaa, mfano wa ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Kwenye picha chokaa hung'aa. Yako inang'aa, Baba. Kompyuta huupima weupe huo na kutoa namba. Wanaume wengi wa miaka sitini na mmoja hawafiki mia mbili. Yako ni elfu moja mia moja na arobaini.

Daktari wetu anasema namba haitaji siku. Ukikusanya wanaume mia wenye namba kama yako, watakaoshikwa na mshtuko wa moyo miaka ijayo ni wengi kuliko katika mia wenye namba ndogo. Ni nani kati yao, na lini, mashine haijui. Ila anasema usikae tu. Muone daktari, uache nyama ya mafuta, utembee kila siku.

Nakutumia picha yenyewe ndani ya bomba la karatasi ngumu. Murugi hajui lolote. Ana mimba ya miezi mitatu, na unajua ile ya kwanza ilivyotoka. Naogopa kumshtua.

Nisamehe pia kwa hili: mkwe hakupaswa kuona nilichoona.

Mwanao,
Gikunda


Wamagana,
11 Februari 1996

Mwanangu Gikunda,

Barua yako ilifika Alhamisi, na bomba likafuata Jumatatu. Karani wa posta aliniuliza kama ni ramani. Nikasema ndiyo.

Sina hasira. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na miwili, na najua mlima huchorwa ulivyo, si unavyotakiwa uwe. Lakini umenisumbua. Kwetu mkwe hajui hata baba mkwe wake hulala upande gani wa kitanda, na wewe umeuona moyo wangu nikiwa sijauona mwenyewe.

Niliipeleka picha kwa daktari mjini. Aliiinua dirishani, akaisogeza karibu na kioo.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Sijambo."

"Huumwi popote?"

"Siumwi popote."

Akaitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha, kama mwalimu anayelinganisha mwanafunzi na jina lililo kwenye orodha. Akanipa aspirini, akasema nitembee kila asubuhi.

Baba yangu alianguka akafa shambani kwenye kahawa akiwa na miaka hamsini na tisa. Kaka yangu Ngugi alianguka mlangoni mwa zizi, hamsini na nane. Tulisema ni kurogwa, kisha tukaokoka, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Sasa nikiiangalia picha hii naona kama ni yao.

Na kuna jambo sikulitarajia. Tangu niione, nikikaa kimya nahisi zile chembe nyeupe. Hazichomi. Zipo tu, kama mtu aliyekaa chumba cha pili asiyesema kitu.

Mama yenu Wachuka asijue. Nimeificha picha ndani ya ile ramani ya Afrika niliyopewa nilipostaafu, imeviringishwa juu ya kabati. Yeye hajambo, ila analalamikia mlima wa kutoka mtoni. Ni umri.

Umtunze binti yangu.

Mutahi


Wamagana,
10 Machi 1996

Kwa Gikunda mwanangu,

Nakuandikia na Kiswahili ya Mwea, ile nilijifunza nikiuza maharagwe huko, kwa sababu Kimeru sijui na wewe Gikuyu yangu itakushinda kusoma. Usinicheke.

Niko na swali, na usiambie baba yako kama nimeuliza. Nilikuwa napangusa vumbi juu ya kabati, ramani ikaanguka, ndani yake ikatoka karatasi nyeusi ngumu. Nikaiweka kwa dirisha. Nikaona mbavu za mtu. Kwa kona nikaona jina ya Mutahi na jina ya hospitali yenu. Na hapo katikati, kwa moyo, iko na kitu nyeupe kama mchele imemwagika.

Nikarudisha vile ilikuwa. Yeye hajui.

Lakini sasa naelewa mambo mengi. Amekataa mafuta kwa chakula, ati ni tumbo. Kila asubuhi anatoka na fimbo anaenda mpaka kituo cha majani chai, anarudi hasemi kitu. Mwezi jana alipatia Muriithi, huyu wa mkokoteni wa maziwa, koti yake ya sufu. Mtu anapeana koti kabla ya mvua? Nikamwuliza, akasema, "Muriithi ni kijana, atalivaa muda mrefu."

Niambie ukweli, mwanangu. Hiyo mchele ni nini? Atakufa lini? Sitaki kushtuliwa kama mke wa Ngugi, aliyeitwa kutoka shamba akiwa na jembe mkononi.

Mimi niko sawa. Ni jino tu ya chini inanisumbua nikitembea.

Ni mimi mama yako,
Wachuka wa Mutahi


Chicago,
31 Machi 1996

Mama,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikaifunga ndani ya kabati langu huko huko, ili Murugi asiione. Mnaniweka pabaya, wewe na Baba, lakini nitakujibu.

Huo mchele ni chokaa ndani ya mishipa ya moyo. Hakuna mtu anayejua siku, Mama, hata daktari wetu mkubwa hajui. Anaweza kuishi miaka ishirini. Anaweza pia kushikwa ghafla. Lakini mara nyingi moyo hutoa dalili kwanza, na wewe ndiwe uliye karibu naye. Mchunge. Kama anahema sana akipanda mlima na hapo awali hakuwa anahema. Kama kifua kinambana akitembea na kinaachia akipumzika. Kama anatokwa na jasho baridi, au mkono wa kushoto unakuwa mzito, au maumivu yanapanda shingoni. Ukiona hata moja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, atake asitake.

Sitamwambia kwamba unajua. Lakini laiti mngeongea.

Pole kwa jino.

Gikunda


Wamagana,
28 Aprili 1996

Mwanangu Gikunda,

Siri imetoka, sijui kwa mdomo wa nani. Watu wa Wamagana sasa wanajua kwamba Mutahi alipigwa picha ng'ambo na kifo chake kikaonekana. Wachuka lazima amesikia, ila haniulizi, nami simwambii. Watu wamekuwa wema mno. Gatimu, ambaye tumegombana juu ya mpaka wa shamba tangu 1971, alikuja na jembe akaurudisha ua mwenyewe mahali pake pa zamani. Akanipa mkono, akasema, "Sitaki uondoke na hili." Kanisani watu huacha nafasi pande zangu zote mbili. Juzi sokoni bibi mmoja alipogeuka akaniona, alidondosha kikapu. "Nilidhani tumekuzika," akasema. Hakuwa anatania.

Mtu akitazamwa hivyo kila siku, mwisho hujitazama hivyo. Nikinyoa asubuhi naona uso wa mtu anayekumbukwa.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Natembea kila asubuhi kama nilivyoagizwa, nashuka hadi daraja la mtoni, kisha napanda upande wa pili hadi kituo cha majani chai. Mvua zimeanza na ukungu ni mzito, mtu haoni hatua kumi. Karibu wiki mbili sasa nasikia pumzi nyuma yangu. Si nyayo. Udongo umelowa, nyayo hazisikiki. Ni pumzi tu, nzito, za kukwama, kama za mtu aliyebeba kitu. Nikisimama zinafifia, kama mtu anayejiziba mdomo. Nikienda, zinakuja.

Ngugi alipumua hivyo wiki zake za mwisho.

Mama yetu alitukataza tangu utotoni kugeuka tukisikia kitu tusichokiona. Mimi ni mzee wa kanisa, nimefundisha watoto wa watu ukungu unatoka wapi, na bado sigeuki. Niambie kama ugonjwa huu humfanya mtu asikie vitu. Ikiwa haufanyi hivyo, basi usinijibu.

Wachuka hajambo. Aling'olewa jino wiki jana. Fundi wa meno alituonyesha: jeupe, zima, halina tundu. Tukacheka kwamba jino limehukumiwa bila hatia.

Mutahi


Wamagana,
2 Mei 1996

Mwanangu,

Zile dalili uliniandikia, nimezichunga vile mtu anachunga ng'ombe ya wenyewe. Kila asubuhi baba yako akitoka, nangoja kidogo, namfuata nyuma ndani ya ukungu. Natoa viatu ndio asinisikie. Siku moja alisimama ghafla, nikaziba mdomo na shuka mpaka akaanza kwenda tena.

Kwa hivyo nakuambia kitu nimeona na macho yangu. Hana hata moja. Kuhema, hana, anapanda kama kijana. Jasho baridi, hana. Ni mimi nashindwa. Nikifika kwa ule mkaratusi juu ya daraja lazima nishike mti, kifua imenibana kama mtu amenikalia, mpaka iachilie. Taya bado inauma na jino ilishatoka. Na nikibeba maziwa mkono ya kushoto inakufa, naiweka kwa maji ya moto. Lakini yangu ni uzee na hii kazi ya kumchunga, si kitu.

Nilitaka tu ujue hana dalili, ulale vizuri. Nitaendelea kumfuata mpaka mvua iishe.

Mama yako,
Wachuka


Chicago,
17 Mei 1996

Baba na Mama,

Barua hii isomeni pamoja, mmoja akisoma kwa sauti. Nimevunja ahadi zote mbili.

Barua zenu zimefika siku moja. Nilisoma ya Baba, kisha ya Mama, nikazilaza pamoja mezani.

Baba, pumzi unazozisikia ni za mkeo. Anajua habari ya picha tangu Machi. Anakufuata kila asubuhi bila viatu, kwa sababu mimi nilimwambia akuchunge. Geuka.

Mama, dalili zote nilizokuandikia unazo wewe. Kifua kubana ukipanda na kuachia ukisimama, huo ni moyo. Mkono ni moyo. Hata jino halikuwa jino. Maumivu ya moyo hupanda hadi kwenye taya, na kwa wanawake hasa, nami nililijua hilo, nikasoma habari ya jino lako mara mbili nisiwaze kitu, kwa sababu picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya Baba. Usipande tena mlima ule. Usibebe kitu. Nenda hospitali, uwaambie neno kwa neno ulivyoniambia.

Najua barua itachukua wiki mbili, kwa hiyo leo asubuhi nimepiga simu kiwanda cha kahawa cha hapo kijijini. Laini ilikuwa mbaya, inakatika kila mara. Nimemwambia Kihara, karani, "Mama Murugi apelekwe hospitali upesi, ni moyo." Amesema ameandika na ataleta ujumbe mwenyewe.

Nisameheni.

Gikunda


Wamagana,
16 Juni 1996

Mwanangu Gikunda,

Barua yako ya tarehe 17 ilifika tarehe 3 ya mwezi huu. Niliisoma kwa sauti, kama ulivyoagiza, nikiwa peke yangu.

Kwenye simu siku ya mazishi ulilia, nami sikuweza kusema. Sasa nitasema yote kwa mpangilio, kwa sababu una haki ya kujua.

Kihara alileta ujumbe jioni ile ile ya Ijumaa, umeandikwa vizuri kwa wino: "Mkwe amepiga simu. Mzee apelekwe hospitali upesi, ni moyo." Anaapa kwamba alisikia "Mzee". Simlaumu. Kijiji kizima kilijua moyo mgonjwa ni wa nani.

Wachuka alisoma akakaa chini. Jumatatu alinipigia pasi shati, tukaenda mjini. Walinifunga waya kifuani, wakanipima damu, wakaniambia nipande na kushuka ngazi. Saa tatu nzima. Yeye alikaa nje akinishikia kofia. Nilipotoka nikamwambia moyo unapiga vizuri, hawajaona jipya. Alifunga macho, akasema, "Basi Mungu ametusikia." Nilimwona amelowa jasho usoni, na siku ilikuwa ya baridi. Nikadhani ni furaha. Ulipopiga tena Jumanne ukaambiwa tumeenda na tumerudi salama, uliambiwa kweli.

Jumatano nilitoka kama kawaida. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani ya migomba. Nilipovuka daraja nikazisikia pumzi, na safari hii zilikuwa karibu sana, na ndani yake mlikuwa na sauti kama ya maji yanayoanza kuchemka. Niliogopa, Gikunda. Nikaongeza mwendo. Zikaongeza mwendo. Tulipofika kwenye mkaratusi, zikakoma. Hazikufifia kama siku nyingine. Zilikoma.

Nilisimama nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. Nikasema kwa sauti, "Asante, Bwana, kwa kumwondoa." Kisha nikapanda hadi kituo cha chai, nikakaa na wachuma majani, nikacheka nao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka na wanakijiji tangu habari ienee.

Wakati wa kurudi nikamkuta. Ameketi chini, mgongo kwenye mti, miguu mitupu, shuka mdomoni.

"Wachuka, unafanya nini hapa?"

"Nakuchunga."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ianze. Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Na hukugeuka?"

Nilikaa kando yake kwenye tope. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka thelathini na minane. Akaniegemea. Akasema polepole, "Umefika juu bila kupumzika. Wewe uko sawa kabisa." Alisema kama mtu anayetua mzigo. Nilimwita, nikamvika koti langu la mvua, nikamwita tena. Muriithi alipopita na mkokoteni, Wachuka alikuwa bado na joto, lakini hakuwa ananijibu.

Sijui kama alisikia nilivyomshukuru Mungu. Sauti husafiri mbali kwenye ukungu.

Tumemzika juu ya nyumba, upande wa kahawa. Waliokuja walinipa mkono wakinitazama kwa namna ambayo sijaizoea, kana kwamba nimemlipa mtu aende mahali pangu. Gatimu hakunitazama kabisa.

Murugi anaamini mama yake aliugua siku moja tu. Mwambie. Mpe barua zote, zako, zangu na za mama yake, azisome mwenyewe kwa mpangilio. Najua utasema tungoje ajifungue. Usingoje. Mimi, wewe na Wachuka tulikuwa na habari moja tumeigawana vipande vitatu, kila mtu akificha chake kwa mapenzi, na ona. Kama atanichukia, anichukie akijua sababu.

Hospitali yenu nayo imeniandikia. Ni karatasi wanayowatumia wote waliopigwa picha, ili waone namba zilisema kweli au hazikusema. Wanauliza kama bado niko hai, kama nimewahi kushikwa na maumivu ya kifua, kama naweza kupanda mlima bila kusimama. Niligeuza karatasi nyuma nione kama kuna mahali pa kuandika habari nyingine. Hapakuwapo. Jana nimeijaza kwa uaminifu na kuitia posta. Nimeandika kwamba niko hai, napanda mlima wote bila kusimama, na sina maumivu yoyote.

Baba yako,
Mutahi